Dawa ya Meno na Maji ya Visima vya Singida

Katika mkoa wa Singida, ambako miamba mikubwa ya itale hutokeza juu ya ardhi hata kandokando ya ziwa Singidani, na ambako aila nyingi hutegemea maji ya visima, wapo watu wazima wenye meno ya rangi ya kahawia ambao tangu utotoni wamedhaniwa kuwa hawapigi mswaki. Na dhana hiyo ni dhuluma, kwani doa lile si uchafu, bali limo ndani ya jino lenyewe, nalo limeletwa na madini ya floraidi yaliyozidi katika maji waliyokunywa wakati meno yao yalipokuwa yakiumbika ndani ya ufizi.

Ajabu ni kwamba madini hayo hayo ndiyo yatiwayo makusudi katika dawa ya meno. Humo aghalabu mna unga laini wa chokaa au silika wa kusugulia utando, maji, gliserini ya kuizuia isikauke, kitoa povu na mnanaa wa kuburudisha kinywa. Lakini kazi ya kulikinga jino lisioze ni ya floraidi hasa. Vijidudu vya kinywani hula sukari ya vyakula vyetu vikatoa asidi, na asidi hiyo huyayusha madini ya gamba gumu la jino. Ndipo floraidi iliyobaki juu yake huyasaidia madini yaliyomo katika mate kurudi mahali palipopungua, na gamba lijengwalo hivyo huistahimili asidi kuliko lile la awali.

Kiwango cha juu cha floraidi cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 1.5 kwa lita, na maji hayo humezwa kila siku yakaingia damuni. Ilhali dawa ya meno, ingawa aghalabu ina miligramu 1,000 hadi 1,500 kwa kilo, hupita juu ya jino ikatemwa. Basi mtu mzima wa Iramba au Manyoni, mkoani Singida, hana sababu ya kuihofu. Mtoto ndiye wa kuchungwa, maana hupenda kuimeza: aliye chini ya miaka 3 yamtosha kadiri ya punje ya mchele, na wa miaka 3 hadi 6 kadiri ya punje ya njegere, tena mbele ya mzazi.

Kuyachemsha maji ya kisima hakufai kitu kwa jambo hili, kwani mvuke huondoka na floraidi ikabaki. Maji ya mvua, kinyume chake, karibu hayana floraidi. Kwa hiyo nyumba yenye bati na tangi, mvua zinyeshapo, shurti iwawekee watoto wadogo akiba hiyo ya kunywa, kabla ya kufikiria kufulia nguo.