Je, Wajua? Taipureta za Zamani kwa Mfuko Mdogo

Je, wajua kwamba taipureta moja iliwahi kuuzwa dola 254,500, na iliyokuja kushika nafasi yake haikufika dola 20? Mwandishi wa Marekani Cormac McCarthy alinunua Olivetti Lettera 32 mwaka 1963 katika duka la rehani huko Knoxville, kwa dola 50, akaitumia zaidi ya miaka 40. Desemba 2009 ikapigwa mnada na Christie's, na fedha zikaenda kwenye taasisi ya utafiti ya Santa Fe. Yeye akaendelea kuandika kwa Lettera nyingine ya aina ileile aliyotafutiwa na rafiki yake. Vyuma ni vilevile, vibonye ni vilevile. Kilichogharimu mamia ya maelfu ni jina la mwenye mashine.

Je, wajua kwamba umri peke yake haupandishi bei? Underwood No. 5 ilitoka mwaka 1900, ikauzwa kwa mamilioni hadi miaka ya 1930. Ndiyo maana unaweza kukutana na mashine yenye miaka 100 ambayo bado si adimu. Iliuzika kwa sababu ilimruhusu mpiga chapa kuona anachoandika. Remington za kwanza zilipiga karatasi kutoka chini, na ilibidi uinue sehemu inayobeba karatasi ndipo uone kama umekosea. Kwa mwenye fedha kidogo, wingi huo ni neema: mashine iliyotengenezwa kwa wingi ndiyo yenye spea, ndiyo mafundi wanayoijua, na mara nyingi ndiyo iliyo bora.

Je, wajua kwamba mpangilio wa herufi katika simu yako ulianzia kwenye taipureta? Christopher Latham Sholes na wenzake wa Milwaukee walipata hataza ya taipureta yao mwaka 1868, na mwaka 1874 kampuni ya Remington, iliyojulikana kwa bunduki na cherehani, ikaanza kuiuza mashine yao. Iliandika herufi kubwa tu. Herufi ndogo zilikuja na Remington No. 2, mwaka 1878.

Wajua pia kwamba mashine ya Kiingereza huandika Kiswahili chote bila kubadilishwa hata kibonye kimoja? Hatuna alama za juu ya herufi kama Wafaransa. Ng'ombe anahitaji kiapostrofi tu, nacho kipo. Q na X ndizo zinazokaa likizo. Lakini A, herufi tunayoitumia kuliko zote, imewekwa chini ya kidole kidogo cha mkono wa kushoto, kidole dhaifu kabisa. Basi ukikagua mashine iliyofanya kazi ya Kiswahili kwa miaka mingi, anza na A. Piga "aaaa" halafu "kakakaka". Tazama kama A imekaa sawa kwenye mstari na K, kama tumbo lake limezibwa na wino mkavu, kama mkono wa chuma unaoibeba unarudi haraka au unajikokota. Wino uliokauka hutoka kwa pini. Mkono uliopinda humhitaji fundi, na hapo punguzo la bei ni haki yako kulidai.

Ukikuta mashine ambayo A iko juu kushoto, mahali pa Q, ujue ni ya mpangilio wa Kifaransa. Hizo ndizo za Kongo, Rwanda na Burundi. Ni nzima, ila vidole vyako vitajifunza upya.

Je, wajua kwamba taipureta nyingi hazina kibonye cha namba 1, na hazikuharibika? Mpiga chapa alitumia l ndogo. Alama ya mshangao nayo iliundwa: unapiga kiapostrofi, unarudi nyuma hatua moja, unaweka nukta chini yake.

Sasa jambo ambalo ningependa kila mnunuzi alijue. Pembeni mwa vibonye vya taipureta nyingi kuna kiwenzo kidogo chenye nukta za rangi: nyeusi au buluu, nyekundu, na nyeupe. Ya kwanza hupiga sehemu ya juu ya utepe wa wino, nyekundu hupiga sehemu ya chini. Nyeupe je? Nyeupe huuzuia utepe usipande kabisa. Iliwekwa kwa ajili ya stensili, ile karatasi yenye nta. Herufi ya chuma ilitoboa nta bila utepe kuingia katikati, stensili ikafungwa kwenye mashine ya saiklostaili kama Gestetner, na wino ukapenya matunduni kwenda kwenye karatasi. Kabla ya fotokopi kuenea, mitihani ya shule, mihtasari ya vikao na matangazo ya parokia yalitolewa hivyo. Kwa hiyo mashine iliyotoka shuleni au ofisini inaweza kuwa bado imeachwa kwenye nyeupe. Mnunuzi anapiga vibonye, karatasi inabaki tupu, muuzaji mwenyewe anakubali kwamba imekufa, na bei inashuka. Sogeza kiwenzo kwenye nyeusi kabla hujaamini kifo chochote.

Wajua dalili nyingine za kifo kisichokuwapo? Sehemu inayobeba karatasi ikigoma kwenda kushoto wala kulia, huenda imefungwa tu kwa kufuli lake la safari. Ikisukumika ovyo kwa mkono lakini haisogei yenyewe unapopiga, tazama kushoto nyuma: kuna kamba inayoiunganisha na springi, na ikikatika au ikichomoka mashine haiendi mbele. Kamba imara ya uvuvi inaweza kuchukua nafasi yake. Na mikono ya herufi ikinata, chanzo mara nyingi ni mafuta ya zamani yaliyoganda na vumbi katika mianya ile inamochezea. Mswaki mkuukuu na spiriti vinatosha. Spiriti isiguse rangi ya nje, usifanye kazi hiyo karibu na moto, na ukimaliza usiweke mafuta tena pale. Mafuta ndiyo yaliyoleta tatizo.

Utepe haupaswi kukutisha. Mashine nyingi, za chapa mbalimbali, hutumia utepe wa upana uleule wa milimita 13 hivi. Kinachotofautiana ni vigurudumu unamozungushiwa. Basi usitupe vigurudumu vya mashine yako hata kama vina kutu: nunua utepe wowote wa upana huo, uuzungushie humo kwa mkono.

Rola ya mpira ikiwa ngumu kwa uzee, weka karatasi mbili badala ya moja. Kelele hupungua, na herufi hazitoboi.

Je, wajua kwamba unaweza kumiliki kazi ya makumbusho bila kuwa tajiri? Olivetti Lettera 22 ya mwaka 1950, iliyosanifiwa na Marcello Nizzoli, ilipata tuzo ya Compasso d'Oro mwaka 1954 na imo katika makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York. Ina uzito usiofika kilo 4. Ndugu yake maarufu, Valentine nyekundu ya mwaka 1969, kazi ya Ettore Sottsass na Perry King, hugombaniwa na wakusanyaji kwa umbo lake la plastiki. Ndani, mitambo yake ni ya Lettera 32. Mimi ningechukua Lettera 32 na kubaki na chenji.

Majina pia hudanganya. Hermes Baby ya Uswisi, iliyotoka mwaka 1935, ilitengenezwa Uingereza kwa leseni ikiitwa Empire. Tazama mitambo kabla ya kusoma jina.

Je, wajua kwamba kila taipureta ina mwandiko wake? Herufi iliyochakaa, iliyoinama kidogo au iliyopanda juu ya mstari huacha alama yake kila inapopigwa. Arthur Conan Doyle alimfanya Sherlock Holmes amnase mdanganyifu kwa njia hiyo katika hadithi ya mwaka 1891. Mwaka 1983 serikali ya Ceaușescu huko Romania iliamuru wenye taipureta waziandikishe polisi, ili barua ya siri iweze kufuatwa hadi kwenye mashine iliyoiandika.

Kampuni ya Godrej ya India iliacha kutengeneza taipureta mwaka 2009. Kiwanda cha Brother cha Wrexham, Wales, kilitoa yake ya mwisho mwaka 2012, ikapelekwa kwenye Makumbusho ya Sayansi ya London.

Na wajua nini kinachozimaliza zilizobaki? Kutu ni mojawapo, hasa kwetu pwani ambako hewa ya chumvi haina huruma: ifunike, na iweke mbali na dirisha. Lakini kinachoniuma zaidi ni watu wanaong'oa vibonye vya mviringo vya zamani ili kutengenezea bangili na pete. Mashine iliyokwisha kung'olewa hivyo haiandiki tena, na vibonye vyake havirudi. Ukiulizwa "unauza vibonye tu?", kataa.

Mwingine anayezimaliza ni mnunuzi wa vyuma chakavu, anayelipa kwa kilo. Kwake taipureta ya ofisi, inayopita kilo 10, ni chuma kizuri tu. Kwa hiyo mtangulie. Fuatilia minada ya vifaa vilivyoondolewa maofisini. Mwulize mwalimu mkuu, paroko, karani wa zamani wa mahakama, mama aliyestaafu ukatibu muhtasi, kama kuna mashine stoo chini ya mafaili. Nenda na karatasi nyeupe mfukoni, sogeza kile kiwenzo, piga A, ndipo mzungumze bei.