Kamera Ndogo Haijui Inatazama Nini

Mwaka 2010 kampuni za Japani zilisafirisha zaidi ya kamera ndogo za dijitali milioni 100, zile za lenzi isiyobadilishwa ambazo mtu hutia mfukoni akaondoka. Miaka michache baadaye simu zikazifukuza sokoni. Sasa zinarudi. Vijana wanazitoa kwenye makabati ya wazazi wao, wengine wananunua za mitumba, na muda si mrefu malalamiko huanza: picha ina ukungu, uso umepotea gizani, kanzu imeungua hadi mishono haionekani, tena simu ya bei nafuu inapiga vizuri zaidi.

Malalamiko hayo yana ukweli, na inafaa kujua sababu yake kabla ya kugusa kitufe chochote. Simu ya leo ukiibonyeza mara moja hupiga fremu kadhaa mfululizo, huzilinganisha, huchukua sehemu nzuri ya kila moja, kisha hukuonyesha mchanganyiko wake. Kamera ndogo ya miaka ile kwa kawaida hupiga fremu moja na kukupa kilichopatikana. Anayeitumia lazima afanye mwenyewe yale ambayo simu humfanyia kimya kimya: kutuliza mkono, kuonyesha cha kulengwa, na kuamua mwanga uwe kiasi gani. Akiyafanya hayo, atapata picha ambazo hakudhani kifaa kile kinaweza kuzitoa.

Kihisi kidogo, mwanga haba

Katika kamera nyingi za aina hii, kihisi cha picha kina upana wa milimita 6.2 hivi na kimo cha milimita 4.6. Kihisi cha kamera kubwa za kitaalamu ni milimita 36 kwa 24, yaani eneo lake ni kama mara 30. Weka kisoda na sufuria uani wakati wa mvua: mvua ni ile ile, lakini maji utakayoyakuta ndani si sawa. Kihisi kidogo kikikosa mwanga wa kutosha, kamera hukuza ishara dhaifu iliyopokea, jambo ambalo kwenye menyu huitwa kupandisha ISO. Hapo chembechembe hutokea. Programu iliyo ndani ya kamera hujaribu kuzifuta, na katika kuzifuta hufuta pia kope, misuko ya nywele na nyuzi za kitenge. Watu wengi hudhani lenzi ni mbovu, kumbe ni mwanga uliokosekana.

Megapikseli haziponyi ugonjwa huo. Kamera ya megapikseli 16 haitoi picha safi kuliko ya 10 kwa sababu ya namba hiyo tu, ikiwa vihisi vyao vina ukubwa mmoja na chumba kina giza. Kinachosaidia ni kuiwekea ISO kikomo. Kwa kihisi kidogo, usivuke 400 ila pale ambapo picha yenyewe ni muhimu kuliko usafi wake. Kamera chache za mfukoni zina kihisi cha milimita 13.2 kwa 8.8, kama zile za mfululizo wa Sony RX100 ulioanza mwaka 2012. Hizo huvumilia hadi 1600.

Zumu nayo hula mwanga, na wengi hawalijui hilo. Lenzi ya kawaida ya kamera hizi hufunguka f/2.8 ikiwa haijavutwa, na ikivutwa hadi mwisho hufunguka f/5.9 tu, yaani tundu lake ni dogo zaidi. Maana yake ni kwamba mwanga unaofika kwenye kihisi umepungua hadi chini ya robo. Wakati huohuo mtikisiko wa mkono umekuzwa pamoja na picha. Basi kamera hupunguza kasi ya shata, yaani huacha mwanga uingie kwa muda mrefu zaidi, au hupandisha ISO, na vyote viwili huharibu. Ukiweza kusogea, sogea kwa miguu. Zumu ya dijitali ifunge kabisa kwenye menyu: hiyo hukata tu kipande cha katikati cha picha na kukipanua, kazi ambayo unaweza kuifanya baadaye nyumbani.

Ukungu una aina tatu

Kabla ya kulaumu kamera, ikuze picha kwenye skrini yake uichunguze. Skrini ndogo huficha mengi, na picha iliyoonekana safi ikiwa ndogo huweza kukuaibisha ikichapishwa. Kila aina ya ukungu ina alama yake.

Ikiwa kila kitu kimevutika upande mmoja, watu kwa ukuta, mkono wako ndio uliotikisika. Kanuni ya wapigapicha ni kwamba kasi ya shata isiwe ndogo kuliko moja chini ya urefu wa lenzi kwa kipimo cha kamera za milimita 35. Lenzi ikiwa 28, sehemu moja ya 30 ya sekunde yatosha. Ukivuta hadi 125, nenda 1/125 au zaidi. Mfumo wa kuzuia mtikisiko huweza kukuruhusu kushuka kama hatua tatu, kwa mfano kutoka 1/125 hadi 1/15. Lakini nao unahitaji msaada: shika kamera kwa mikono miwili, viwiko vikigusa mbavu, au egemea nguzo. Pasipo na haraka, iweke juu ya meza na utumie kipima muda cha sekunde 2, ili hata kidole chako kisiitikise.

Ikiwa ukuta ni safi lakini mtoto aliyekuwa akicheza amefutika, mtoto ndiye aliyesogea. Mfumo wa kuzuia mtikisiko haumgusi huyo, kwa kuwa kazi yake ni kutuliza kamera. Dawa ni kasi: 1/125 kwa watu wanaotembea taratibu, 1/500 kwa watoto wanaokimbia au mpira uwanjani. Hapa ndipo inapokubalika kupandisha ISO, kwa sababu picha yenye chembechembe bado ni picha, lakini aliyefutika hawezi kurudishwa.

Ikiwa uso una ukungu lakini pazia la nyuma ni safi, fokasi imekosea. Mara nyingi kosa huanza kwa kubonyeza kitufe kwa pigo moja. Kitufe cha kamera hizi kina vituo viwili. Kibonyeze nusu na usubiri: kamera itapima umbali na mwanga, na kisanduku cha kijani kitaonekana mahali ilipolenga. Kisanduku kikiwa juu ya uso, malizia kubonyeza. Kikiwa penginepo, achia uanze upya. Unaweza pia kumlenga mtu, kuendelea kushika kitufe katika nusu ile, kisha kuhamisha kamera ili mtu akae pembeni mwa picha.

Kuna jambo moja ambalo kihisi kidogo kina heri. Lenzi ikiwa haijavutwa na tundu liko f/2.8, ukimlenga mtu aliye umbali wa mita 2, karibu kila kitu kuanzia mita 1 hadi mbali kabisa hutoka safi. Kwa hiyo ushauri wa kamera kubwa, wa kubana tundu hadi f/11 ili mandhari yote ionekane, hauna nafasi hapa. Tena huharibu: kwenye kihisi kidogo, tundu likibanwa kufika f/8 mwanga hutawanyika ukipita humo na picha nzima hulegea. Kaa kati ya f/2.8 na f/4.

Kanzu nyeupe, uso gizani

Sasa tuje kwenye mwanga, ambako kamera hukosea kwa namna inayowahusu sana watu wetu. Kipima mwanga hufanya kazi kwa dhana moja: kwamba vitu vyote vilivyo mbele ya lenzi, vikichanganywa, vitakuwa vya kijivu cha kati, kile cha kadi za majaribio kinachoakisi asilimia 18 ya mwanga. Dhana hiyo hufaa mahali penye mchanganyiko wa rangi. Lakini hebu wapange wanaume sita wenye kanzu nyeupe mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, siku ya harusi Lamu au Unguja. Kamera huona weupe mwingi, hudhani mwanga umezidi, na huupunguza hadi kanzu ziwe za kijivu. Nyuso za kahawia na nyeusi, ambazo tangu mwanzo zilikuwa na mwanga mdogo kuliko nguo, huzama gizani.

Ugeuze mfano. Wanawake waliovaa mabuibui meusi wakijaza fremu, kamera hudhani pana giza, huongeza mwanga, na nguo nyeusi hutoka ya kijivu huku nyuso zikipauka. Hata uso mmoja wa mtu mweusi sana ukipigwa kwa karibu huweza kupaushwa hivyo hivyo, ukapoteza kina cha rangi yake. Kamera zenye uwezo wa kutambua sura hujitahidi kuupima uso kwanza, ila hubabaika mtu akiinamisha kichwa au akivaa kofia yenye kivuli.

Kitufe cha kurekebisha haya kimeandikwa +/− na wengi hawajawahi kukigusa. Kwa kanzu na kuta nyeupe, kiweke +0.7 hadi +1. Kwa mavazi meusi yanayojaza fremu, −0.7. Kwa uso mweusi uliopigwa karibu, anza na −0.3. Kila hatua moja kamili huongeza mwanga mara mbili au huupunguza hadi nusu. Watu wengi husita kuweka alama ya kujumlisha mahali penye weupe mwingi, wakihofu kuuzidisha, ilhali ndipo inapohitajika.

Piga moja, kisha utazame. Kamera nyingi zinaweza kuonyesha mchoro wa mwanga wenye vilima: vikiegemea na kukatika upande wa kulia, kuna mahali pameungua. Weupe ulioungua haurudishwi na programu yoyote, kwa kuwa hakuna kilichorekodiwa pale; sehemu yenye giza huweza kuinuliwa kidogo kwenye kompyuta. Pakiwa na jua kali, kanzu na uso haviwezi kuokolewa vyote viwili kwa namba peke yake. Inabidi watu wahamishwe.

Jua la utosini

Dar es Salaam, jua hupita juu ya utosi kabisa mwanzoni mwa Machi na tena kwenye wiki ya pili ya Oktoba, na miezi mingine haliendi mbali sana. Saa sita mchana paji la uso huwaka na macho huwa mashimo. Wapeleke watu barazani. Wasimame ukingoni mwa kivuli wakitazama nje, ili anga na mchanga viwarudishie mwanga laini usoni. Ukuta mweupe wa upande wa pili wa uchochoro hufanya kazi hiyo hiyo bila gharama. Chini ya mwembe kuwe chaguo la pili, kwa sababu majani hupaka nyuso ukijani na mianya yake huacha madoa ya jua.

Kama hakuna kivuli, lazimisha flashi iwake mchana. Kamera ndogo nyingi zina shata ndani ya lenzi, kwa hiyo flashi yake huweza kwenda na kasi kubwa, huku kamera kubwa nyingi zikiishia karibu 1/200 au 1/250. Hapa ndogo huishinda kubwa. Ila flashi hiyo ni dhaifu: mita 3 hadi 5 na imekwisha, na umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga unaofika hubaki robo. Kuiwasha ukiwa nyuma ukumbini ni kumulika visogo vya walio mbele yako.

Mwanga mzuri zaidi ni wa kuanzia saa kumi na moja jioni, lakini usizubae. Kwetu jua hushuka karibu wima, nyuzi 15 kwa saa, na kutoka nyuzi 6 juu ya upeo hadi kuzama ni kama dakika 25 tu. Amua mahali pa kusimama kabla.

Mwisho, tazama kioo cha lenzi. Alama ya kidole hupunguza makali ya picha; ifute kwa kitambaa laini cha miwani, usitumie pindo la nguo lenye mchanga. Ukitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi kuingia joto la pwani, iache kamera ndani ya mfuko robo saa hadi nusu saa, la sivyo mvuke utaganda juu ya lenzi.

Kabla ya kununua kamera nyingine, fanya jaribio hili. Mwombe mtu aliyevaa nguo nyeupe asimame barazani, umpige picha tatu: moja kwenye sifuri, moja +0.7, moja −0.7, ISO 100, bila zumu. Zifungue kwenye kompyuta uangalie uso kabla ya nguo. Utaona ni ipi kati ya hizo tatu uliyokuwa unaikosa kila siku, na gharama ya kuipata ni kitufe kimoja ambacho tayari unacho.