Masurufu ya Mwenda Mlimani

Wako watu wengi waliozaliwa na kukulia mahali ambapo kila asubuhi isiyo na mawingu Kilimanjaro huonekana dhahiri, na ambao hawajapata kuukanyaga mlima huo. Nao, wakiulizwa sababu, aghalabu hutaja gharama. Hawasemi uongo, ila mara nyingi wanayoihofu siyo inayowafilisi. Ada za hifadhi, ambazo kwa mgeni wa ng'ambo ni dola 70 kwa siku na dola 50 kwa kila usiku wa kambini, kabla ya kodi, raia wa Tanzania hulipa kwa shilingi, tena sehemu ndogo tu ya hizo. Na ujira wa kiongozi na wapagazi ni haki yao, wala haufai kupiganiwa bei kama samaki wa jioni. Palipo na nafasi ya kuokoa fedha, na ya kuzipoteza vilevile, ni katika vyombo vya safari, ambavyo hununuliwa kwa pupa kisha vikalala juu ya kabati mwaka baada ya mwaka.

Hema nalitaja kwanza ili tuachane nalo: usilinunue. Anayepanda kwa njia ya Marangu hulala katika vibanda vya Mandara, Horombo na Kibo, na anayepita Machame huletewa hema na kampuni inayomwongoza. Ukiwa na azma ya kupiga kambi kwingine siku za usoni, basi ujue tu kwamba hema lililoandikwa kuwa ni la watu wawili humtosha mtu mmoja na mzigo wake.

Mzigo ndio jambo la kutafakari. Wapagazi wa misafara ya kale iliyotoka Bagamoyo kwenda bara walijitwika ratili 60 hadi 70, yaani karibu frasila mbili. Leo, langoni Machame, mzigo wa mpagazi hupimwa kwenye mizani, usizidi kilo 20. Huo ni mzigo wa mtu aliyeuzoea mlima. Karani aliyeshinda mwaka mzima kitini asithubutu kubeba zaidi ya sehemu moja katika tano ya uzito wa mwili wake, na afadhali iwe chini ya hapo. Shanta jema, basi, halijulikani kwa wingi wa vijaluba na kamba zinazoning'inia, bali kwa mkanda wake wa kiunoni. Muuzaji anayekuvalisha shanta tupu hajakuonyesha kitu. Mwombe alitie kilo 10 au 12 za chochote, hata mchele, ufunge kwanza mkanda juu ya mifupa ya nyonga, ndipo ukaze kamba za mabegani, na ikiwa uzito ungali umekulalia mabegani, shanta hilo si la mgongo wako. Nasema mgongo, si kimo, maana wako warefu wenye migongo mifupi.

Mwaka 1955 bibi mmoja wa Ohio, Marekani, jina lake Emma Gatewood, mwenye umri wa miaka 67 na mama wa watoto 11, aliitembea peke yake njia ya Appalachian, maili 2,000 na ushei, akiwa na mfuko wa kitambaa cha jinzi alioushona kwa mikono yake, viatu vya raba, blanketi, na pazia la plastiki la bafuni la kujikingia mvua. Sidhani kama wenye maduka hufurahia habari zake. Walakini mtu asing'oe pazia lake akaenda nalo Barafu, kambi iliyo juu ya mita 4,600, ambako maji huganda ndani ya chupa. Kwani hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6.5 kila upandapo mita 1,000, na baridi hiyo haijali ujasiri.

Kwa hiyo mfuko wa kulalia hauna mbadala, na ndicho chombo ambacho watu hudanganyika nacho zaidi. Lebo yake huonyesha viwango kadhaa vya baridi: kimoja ni cha mtu kulala kwa raha, na kingine, cha chini zaidi, ni kikomo kilichokadiriwa kwa mwanamume aliyejikunyata. Tangazo hupenda kukipaza hicho cha pili. Wewe chagua kwa cha kwanza. Manyoya laini ya bata ni mepesi na hujikunja yakawa kitu kidogo, ila yakilowa hayana kazi. Nyuzi za viwandani ni nzito kidogo na rahisi kwa bei, na hustahimili unyevu wa msitu ule wa chini. Lakini ujazo wowote ulioubana kwa ubavu wako haukupi joto, na ardhi hulifyonza usiku kucha, hivyo asiye na kigodoro chini yake amenunua nusu ya mfuko.

Tuseme mfuko huo ni shilingi laki tatu, na kuukodi Moshi ni elfu kumi kwa usiku: mpaka ulale nje usiku 30 ndipo ununuzi ulingane na kukodi. Unapokodi, ingia ndani mle dukani, uvute zipu hadi mwisho na kurudi, uumulike kwa mwanga uone kama manyoya yamehamia pembeni na kuacha mahali patupu, na usione haya kuunusa.

Mavazi yako Memorial, soko la mitumba la Moshi, ambako mwenye subira hupata sweta za sufu na makoti mazuri ya baridi. Pamba na jinzi aziache, kwa kuwa zikilowa hazikauki.

Viatu pekee ndivyo visivyofaa kukodiwa, maana kiatu kilichokwisha kufuata umbo la mguu wa mwingine kitakutoa malengelenge. Vinunue miezi kabla, wakati wa alasiri miguu ikiwa imevimba kidogo, ukiwa umevaa soksi utakazosafiri nazo. Sukuma mguu mbele kabla ya kufunga kamba, na nyuma ya kisigino pabaki nafasi ya kidole kimoja. Nafasi hiyo ni ya kuteremkia, kwani kutoka kilele cha Uhuru, mita 5,895, hadi kambi ya Mweka, yapata mita 3,100, hushukwa siku ileile moja, na kidole gumba kilichobanwa hugonga ncha ya kiatu saa baada ya saa. Kucha nazo zikatwe fupi kabla ya kuondoka Moshi.