Fumo Liyongo katika ushairi na mapokeo

Fumo Liyongo (pia: Liongo) ni shujaa wa masimulizi ya Waswahili wa pwani ya kaskazini ya Kenya, hasa eneo la Pate, Lamu na delta ya mto Tana. Neno "fumo" ni cheo cha kale chenye maana ya mkuki na pia mtawala. Anakumbukwa kama mpiganaji mwenye nguvu zisizo za kawaida, mpiga upinde hodari na mshairi.

Wakati alioishi haujulikani kwa hakika. Makadirio ya wataalamu yanapishana kwa karne kadhaa, na wapo wanaomwona kuwa mtu wa hadithi tu.

Hadithi kwa ufupi

Liyongo aliishi Shaka, karibu na Ozi. Sultani wa Pate, ambaye utenzi unamwita Daudi Mringwari, aliogopa kunyang'anywa utawala, akatafuta njia ya kumwua. Kwanza watu wa msituni walikodiwa wafanye naye kikoa cha kula makoma, kila mmoja akipanda mkoma kwa zamu yake, ili zamu ya Liyongo ikifika apigwe mishale akiwa juu. Liyongo hakupanda, bali aliyaangusha makoma kwa mishale yake.

Baadaye alikamatwa na kufungwa pingu. Mama yake alikuwa akimpelekea chakula kwa mkono wa kijakazi aitwaye Saada, lakini walinzi walikula kila kilicho kizuri. Liyongo akamwimbia Saada shairi lenye ujumbe wa mafumbo kwa mama yake: aoke mkate wa wishwa na ndani yake atie tupa. Walinzi waliudharau mkate huo wakamwachia. Usiku ulipochezwa gungu, kelele za ngoma na matari zilifunika sauti ya tupa ikikata chuma, naye akatoroka.

Mwishowe adui walimtumia mwanawe. Kijana aliahidiwa cheo na binti wa sultani, akamwuliza baba yake ni kitu gani kinachoweza kumwua. Liyongo alitambua hila hiyo, lakini akamjibu: sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Kijana alimchoma usingizini. Liyongo aliamka, akatwaa upinde, akaenda kupiga goti karibu na kisima, mshale ukiwa umevutwa, akafa katika hali hiyo. Watu hawakuthubutu kuteka maji. Mama yake alimsihi kwa nyimbo akidhani amekasirika, hadi mwili ulipoanguka wenyewe. Masimulizi yanatofautiana kuhusu mwisho wa msaliti.

Shujaa au mdhalimu?

Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha masimulizi ya nathari aliyoyakusanya Zanzibar. Humo Liyongo ni mtu mkubwa wa mji anayewaonea wenzake kupita kiasi, na ndiyo sababu ya kutaka kumwua.

Utenzi wa Fumo Liyongo, ulioandikwa mwaka 1913 na Muhamadi Kijumwa wa Lamu, unatoa sura nyingine. Hapo Liyongo ni muungwana anayependwa na watu, na kosa ni la mtawala mwenye wivu. Kijumwa, ambaye pia alikuwa mchonga milango na mwandishi wa hati za Kiarabu, alitumia lahaja ya Kiamu na beti zaidi ya 200. 

Tofauti nyingine ni ya msaliti: mara ni mwana, mara ni mpwa. Baadhi ya wataalamu wameona hapa kumbukumbu ya mgongano kati ya urithi unaopitia kwa mama na ule unaopitia kwa baba.

Mshairi Liyongo

Liyongo pia anatajwa kuwa mtunzi. Anahusishwa na tumbuizo za kale, zikiwemo zile za kusifu upinde na za ngoma ya gungu iliyochezwa arusini. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, mtunzi wa Al-Inkishafi, alitunga takhmisa juu ya shairi la Liyongo, yaani aliongeza mishororo ili kila ubeti uwe na mishororo mitano. Haiwezi kuthibitishwa kwamba tumbuizo hizo zilitungwa na mtu mmoja. Huenda jina la Liyongo lilivuta kwake nyimbo za watu wengi.

Kaburi na kumbukumbu

Karibu na Kipini, kwenye mdomo wa mto Tana, huonyeshwa mahali panaposemekana kuwa kaburi lake. Wapokomo wa bonde la Tana nao wana masimulizi yao kumhusu, hivyo Liyongo si mali ya mji mmoja wala kabila moja.

Ulinganisho

Liyongo hulinganishwa na Achilles wa Wagiriki, kwa sababu wote wawili wana sehemu moja tu ya mwili inayoweza kudhurika. Hata hivyo, utenzi wa kale wa Iliad hautaji kisigino cha Achilles kuwa sehemu hiyo. Habari ya mama kumchovya mtoto katika mto Styx inapatikana kwa Statius, mshairi Mroma wa karne ya 1 BK. Kama ilivyo kwa Liyongo, sura ya shujaa iliendelea kujengwa na watunzi waliofuata.

Tofauti kubwa iko katika ibada. Achilles alikuwa mwana wa mungu wa kike, akatolewa sadaka, hasa katika kisiwa cha Leuke kwenye Bahari Nyeusi. Liyongo wa tenzi ni binadamu kati ya Waislamu. Hakujengewa hekalu, bali alikumbukwa kwa nyimbo na ngoma.