Kabla Hujampa Mpangaji Ufunguo

Ingia Buyenzi, Bujumbura, asubuhi, upite katika avenyu yoyote ile kati ya zile zenye namba, kisha utazame malango. Chumba cha mbele kimekuwa duka la vipuri au la nguo. Ubavuni pana uchochoro wa kupita mtu mmoja. Ndani, uani, kuna mstari wa vyumba vya bati, kila kimoja na pazia lake. Lango moja, familia nne, choo kimoja, kompta moja ya umeme. Na mwenye nyumba yumo humo humo, au amehamia pembeni ya jiji na anarudi kila mwisho wa mwezi kuchukua kodi.

Mtindo huu haukuanza jana. Mtaa wa Waswahili wa Usumbura, kama Bujumbura ilivyoitwa zamani, tangu enzi za Wabelgiji, ulikuwa mtaa wa watu wa kuja: wachuuzi, mafundi, madereva, wavuvi. Mtu wa kuja hutafuta chumba, hajengi. Nyumba ya Kiswahili nayo iliwafaa, kama ilivyofaa Kariakoo ya Dar es Salaam: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, mwenyewe analala kimoja na vingine anapangisha. Kwa hiyo ukifikiria leo kugeuza nyumba yako kuwa ya kupangisha, unafuata njia waliyoipita wazee. Kilichobadilika ni gharama, sheria na bei ya makosa.

Jambo la kwanza ni hesabu. Tuchukue mfano tu. Una nyumba ya vyumba vinne, kila kimoja faranga 60,000 kwa mwezi. Kwa mwaka unazidisha, unapata 2,880,000, na moyo unacheza. Sasa toa. Wapangaji huhama, na chumba hukaa kitupu kabla ya mwingine kuingia. Tuseme mwezi mmoja kwa mwaka kwa kila chumba. Hapo 240,000 zimekwenda, zimebaki 2,640,000. Weka kando fungu moja la kumi kwa ajili ya bati linalovuja, kitasa kilichokufa na rangi: zinabaki 2,376,000. Kuzibua choo, taa za uani na maji ya usafi, tuseme 20,000 kwa mwezi: zinabaki 2,136,000. Na wewe uliyehama utalala wapi? Ukipanga kwingine kwa 150,000 kwa mwezi, mwaka unameza 1,800,000. Mkononi zimebaki 336,000, yaani 28,000 kwa mwezi, kabla ya ushuru wa mapato ya pango na kabla ya deni la benki kama ulikopa kujenga vyumba vya uani.

Simkatishi mtu tamaa. Badilisha tarakimu hizo uweke zako, huenda zikakupendeza. Ila zifanye kwenye karatasi kabla hujahama. Mara nyingi hesabu yenyewe itakuonyesha kwamba anayebaki na vyumba viwili vya nyuma na kupangisha vya mbele hupata zaidi ya anayehama kabisa. Chumba kinachotazama barabara kina bei ya duka, na tangu Soko Kuu la Bujumbura liungue Januari 27, 2013, wafanyabiashara wametafuta nafasi katika masoko mengine, Ruvumera ikiwemo, na katika mitaa inayoyazunguka.

Jambo la pili ni kujiuliza nyumba ni ya nani. Swali linaonekana la kijinga mpaka utakapokumbuka ni nyumba ngapi za Buyenzi zimeachwa na babu, na hati bado ina jina la babu. Kwetu mirathi imeachiwa zaidi mila na, kwa familia za Kiislamu, mafungu ya dini. Nyumba isiyogawanywa ni ya warithi wote. Anayeipangisha anakusanya kodi kwa niaba yao, hata kama yeye ndiye aliyebaki kuilinda na kuikarabati. Ndugu aliye Uvira au Kigoma akirudi baada ya miaka sita ataomba fungu lake la miaka sita. Itisheni kikao, andikeni nani anasimamia, analipwa nini kwa kazi hiyo, na kinachobaki kinagawanywa vipi. Mtie saini wote, dada zenu wakiwemo. Mwenye ndoa naye asipangishe nyumba ya familia bila mwenzake kujua.

Jambo la tatu ni nyumba yenyewe, na hapa umeme ndio unaogombanisha watu kuliko kodi. Nyua nyingi zina kompta moja ya REGIDESO, shirika la maji na umeme, na kila mtu anachangia sawa kununua uniti za Cash Power, umeme wa kulipia kabla. Usawa huo ni wa juu juu. Resho, yaani jiko la umeme, la wati 1,000 likiwaka saa moja linakula uniti moja. Taa ya LED ya wati 8 lazima iwake saa 125 ndipo ile uniti hiyo hiyo. Kwa hiyo msela mwenye taa moja na simu anamlipia chakula jirani anayechemsha maharage kwa resho. Weka kompta ndogo ya ndani kwa kila chumba, kila mtu alipe alichokula, na ugomvi wa uani utapungua nusu.

Kuna hatari kubwa zaidi ya ugomvi. Resho nne zikiwashwa pamoja jioni ni wati 4,000, na kwa umeme wa volti 220 hiyo ni ampea 18 hivi. Waya mwembamba wa milimita mraba 1.5, uliofungwa zamani kwa ajili ya taa za familia moja, haukukusudiwa kubeba mzigo huo saa nzima. Hupata moto ndani ya ukuta au juu ya dari, mahali usipopaona. Fundi akusukie upya waya kabla mpangaji wa kwanza hajaingia, na kila chumba kiwe na kikata umeme chake. Choo nacho kikaguliwe kabla ya mvua kubwa, maana Buyenzi ni bondeni, na shimo lililochimbwa kwa watu sita halitawatosha ishirini. Hesabu watu, usihesabu vyumba.

Baada ya hapo ndipo zinapokuja karatasi. Wapangaji wengi huletwa na komisioneri, yaani dalali, na komisioneri akishapata chake kazi yake imekwisha. Wewe ndiye utakayeishi na mpangaji huyo. Mkataba si lazima uwe mrefu, lakini uandikwe: majina na namba za vitambulisho, chumba kipi, kodi kiasi gani na inalipwa tarehe ngapi, watu wangapi watalala humo, nani analipa maji na umeme, na mtu akitaka kuhama au ukitaka ahame, taarifa itolewe muda gani kabla. Ongeza ukurasa mmoja wa hali ya chumba: vioo vizima vingapi, kitasa, soketi, rangi. Mpige picha pamoja siku ya kuingia.

Garanti, ile fedha ya dhamana anayoacha mpangaji, iandikwe kwamba ni garanti. Fedha hiyo bado ni ya mpangaji. Wewe umeishika tu. Wenye nyumba wengi huila mwezi ule ule, kisha siku ya kuhama wanaanza kutafuta kasoro ukutani ili wasirudishe.

Mkataba pia useme kodi itatazamwa upya lini. Mei 2023 Benki Kuu ya Burundi ilishusha thamani ya faranga, na dola iliyokuwa ikihesabiwa faranga 2,000 na kidogo ikavuka 2,800. Bati na misumari ya kutoka nje haikukungoja. Aliyeandika kwamba kodi itajadiliwa kila mwaka alikuwa na pa kuanzia mazungumzo. Asiyeandika alianza na ugomvi. Namna ya kupokea kodi nayo ina funzo lake: Juni mwaka huo huo noti za zamani za 5,000 na 10,000 ziliondolewa, na watu wakapewa siku 10 za kuzibadilisha. Waliokuwa wamelundika kodi chini ya godoro wanajua joto la siku zile. Pokea kodi kwa benki au kwa pesa ya simu kama Lumicash, na hata ukipokea mkononi, toa risiti.

Usisahau daftari la kaya, lile linaloandikwa wakazi wote wa nyumba. Mpangaji aandikwe humo mapema na kiongozi wa mtaa ajue, hasa kama anatoka Kongo na karatasi zake ni za ukimbizi. Msako ukija usiku, asiyeandikwa anawaletea taabu wote wawili. Na akishindwa kulipa, usimbadilishie kufuli wala kung'oa bati. Anza na wazee na shefu wa kartie, ikishindikana nenda mahakamani na mkataba wako mkononi. Hapo ndipo utakapojua thamani ya mkataba huo.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa nyumba ya kupangisha madaftari ni matatu: la familia linaloonyesha nani mwenye mali, la mpangaji linaloonyesha mlichokubaliana, na la fedha linaloonyesha kilichoingia na kilichotoka. Likikosekana moja, ngoja kwanza. Chumba kitupu kitakugharimu kodi ya mwezi mmoja. Mpangaji aliyeingia bila karatasi anaweza kukugharimu nyumba.