Kwa Nini Mashine ya Duka Inakataa Lebo Yetu?

Kikundi kimoja cha wafugaji nyuki kilipeleka asali supamaketi. Asali ilikuwa safi na lebo ilipendeza, yote imechapwa kwa rangi nyekundu, hata ile mistari inayosomwa na mashine. Keshia alipitisha chupa mara tano, mashine ikanyamaza tu. Foleni ikawa ndefu. Mwishowe katoni zote zikarudi kijijini. Wanakikundi walidhani wamefanyiwa hila, kumbe shida ilikuwa kwenye lebo.

Mistari hiyo huitwa bakodi. Bidhaa ya kwanza kuuzwa dukani kwa njia hii ilikuwa pakiti ya chingamu, tarehe 26 Juni 1974, mjini Troy, jimbo la Ohio, Marekani. Ndani ya mistari hamna bei. Mna nambari tu, kwa kawaida ya tarakimu 13, na kompyuta ya duka ndiyo inayotafuta bei.

Sasa, mashine inasomaje? Inamulika mwanga, mara nyingi mwekundu. Mstari mweusi humeza mwanga huo, na nafasi nyeupe huurudisha. Kwa hiyo mashine inahitaji nyeupe sawasawa na nyeusi. Rangi nyekundu nayo hurudisha mwanga mwekundu, kama nyeupe. Machoni pa mashine, lebo ya wenzetu ilikuwa karatasi tupu!

Tukitaka kuchapa lebo, tuangalie mambo haya:

1. Nambari. Tusibuni wala kunakili ya wengine. Nambari zinazotolewa na GS1 Kenya huanza na 616. Chupa ya gramu 250 na ya gramu 500 kila moja iwe na nambari yake.

2. Rangi. Mistari myeusi juu ya nyeupe ndiyo bora. Mistari isiwe myekundu, ya machungwa wala ya manjano. Lebo ya plastiki inayoonyesha asali ndani haifai, isipokuwa tuweke nyeupe nyuma ya mistari.

3. Nafasi ya pembeni. Kwa ukubwa wa kawaida tuache wazi milimita 4 kushoto na 3 kulia, bila picha wala mpaka. Tarakimu ya kwanza tu ndiyo hukaa katika nafasi ya kushoto. Bila nafasi hizo, mashine haijui mistari inaanzia wapi.

4. Ukubwa. Ukubwa wa kawaida ni kama milimita 37 kwa 26, pamoja na nafasi hizo. Unaweza kupunguzwa hadi kama 30 kwa 21, usishuke zaidi. Tusivute picha upande mmoja, wala tusikate mistari iwe mifupi ili kuokoa karatasi.

5. Uchapaji. Fotokopi ya fotokopi huleta mistari minene na madoa. Tumpe mpiga chapa faili asilia. Karatasi ya joto, kama ile ya risiti, hufifia juani. Wino unaotapakaa ukilowa haufai kwa chupa za asali wala mafuta.

6. Kubandika. Lebo isikunjike, wala bakodi isipite juu ya kona. Kwa chupa nyembamba, tulaze alama ili mistari ipangane kama vidato vya ngazi. Ikizunguka chupa, mashine haitaona mistari ya mwisho.

Zaidi ya yote, tujaribu kabla ya kuchapa elfu nzima. Tuchape chache, tubandike kwenye chupa iliyojaa, twende dukani tumwombe keshia aipitishe. Isome mara ya kwanza, si mara ya tano. Simu yenye kamera yaweza kutusaidia nyumbani, lakini simu husamehe makosa ambayo mashine ya duka haisamehi.

Nambari zilizo chini ya mistari nazo zisomeke vizuri. Mashine ikishindwa, keshia ataziandika kwa mkono. Hiyo ni akiba tu, maana mwenye duka hatavumilia foleni kila siku kwa ajili ya asali yetu.

Basi, kabla ya mweka hazina kutoa pesa za lebo, kikundi kizima kiikague ile ya majaribio. Ni afadhali kutupa lebo kumi kuliko kurudishiwa katoni kumi.