Tabia ya Bakteria na Bei ya Chanjo

Katika biashara ya chanjo za bakteria za ng'ombe, kondoo na mbuzi, bei anayotajiwa mfugaji haitokani na gharama za kiwanda na usafiri peke yake, bali huanzia katika tabia ya bakteria waliomo kichupani. Kila chanjo ya namna hii hutokana na aina maalumu ya bakteria, yaani ukoo mmoja uliotengwa na kutunzwa maabara ili vizazi vyake vifanane, na kila ukoo una masharti yake ambayo mtengenezaji, muuzaji na mnunuzi hulazimika kuyalipia.

Chanjo ya kimeta ina masharti mepesi. Aina itumikayo sana, 34F2, ilipatikana miaka ya 1930 huko Onderstepoort, Afrika Kusini, kwa kazi ya Max Sterne; bakteria wake wamepoteza ganda la kujikingia, hivyo huufundisha mwili wa mnyama kujihami bila kuuangamiza. Kwa kuwa huuzwa wakiwa spora, yaani chembe zilizojifunga na kulala zikisubiri mazingira mazuri, huvumilia safari kuliko wa chanjo nyingine nyingi.

Homa ya mapafu ya mbuzi iko upande wa pili. Chanjo yake hutokana na F38, iliyotengwa Kenya mwaka 1976, ambayo ni aina ya mikoplazma, bakteria wadogo wasio na ukuta wa seli. Bakteria hao huota polepole, na kwa kuwa huuawa kabla ya kuchanganywa na saponini, kiungo cha kuamsha kinga, hawawezi kuongezeka ndani ya mbuzi. Kiwanda hulazimika kukuza wingi wote unaohitajika, na gharama hiyo humwangukia mnyama ambaye sokoni hafikii bei ya ng'ombe.

Kwa homa ya mapafu ya ng'ombe hutumika T1/44, iliyotengwa Tanganyika mwaka 1951 na kupitishwa mara 44 katika mayai yenye viinitete. Hii ni chanjo hai, ambayo gharama yake hujificha katika matumizi: unga wake huhifadhiwa kwenye ubaridi na, ukishachanganywa na maji yake, haukai muda mrefu. Mfugaji mwenye ng'ombe 30 anayenunua kichupa cha dozi 100 humwaga 70, na kila dozi iliyoingia mwilini huwa imemgharimu zaidi ya mara 3 ya bei iliyoonekana dukani. Kwa kuwa kinga hudumu takriban mwaka mmoja, hasara hiyo hurudi kila mwaka, isipokuwa pale majirani wanapopanga siku moja ya kukutanisha mifugo joshoni na kuchangia kichupa.